Magari ya jangwani: Nguvu za farasi 225 na maswali yasiyoandikwa kwenye tangazo

JANUARI 19, mwaka 2024, katika mji wa Yanbu ulioko pwani ya Bahari ya Shamu nchini Saudi Arabia, Mfaransa Xavier de Soultrait alimaliza mashindano ya Dakar akiwa mshindi wa daraja la SSV, yaani magari madogo ya nyikani ambayo dereva na mwenzake huketi ubavu kwa ubavu. Gari lake lilikuwa Polaris RZR Pro R. Ushindi huo ulihitimisha utawala wa Can-Am ya Canada, ambayo magari yake aina ya Maverick yalikuwa yamelitwaa daraja hilo kila mwaka tangu 2018. Januari 2025, Mmarekani Brock Heger alirudia jambo hilo kwa gari la aina ile ile.

Kwa wapenzi wa mashindano, habari iliishia hapo. Kwa wauzaji, ndipo ilipoanzia. Magari makubwa ya Dakar hutengenezwa kwa ajili ya timu chache zenye fedha nyingi, lakini gari la daraja hili hutokana na lile linalouzwa dukani. Mtu mwenye dola 30,000 na ushei za Marekani anaweza kulinunua Jumamosi, na Jumapili akawa nalo mchangani.

Swali ambalo tangazo halilijibu ni la msingi zaidi: gari la namna hii hupimwaje? Namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote ni ya nguvu za injini. Lakini mtu akifuatilia kumbukumbu za magari haya tangu yalipoanza, atagundua kwamba waliokufa ndani yake mara nyingi hawakuuawa na upungufu wa nguvu wala na wingi wake peke yake. Mambo yaliyowaponza yako chini kabisa ya ukurasa wa maelezo, na mengine hayakuandikwa kabisa.

Magari haya, ambayo watu wengine huyaita bagi na wengine UTV, yalianza kama vyombo vya kazi. Kawasaki ilitoa Mule yake mwaka 1988 kwa ajili ya mashamba na viwanja vya gofu. Polaris ilifuata na Ranger mwaka 1998. Yalikuwa mazito, ya polepole, na hayakumvutia mtu yeyote aliyetaka mchezo. Yamaha ndiyo iliyobadilisha mambo ilipoleta Rhino ya mwaka 2004, gari dogo lililoweza kubeba mzigo na wakati huo huo kumfurahisha dereva. Mwaka 2007 Polaris ikatoa RZR ya kwanza, iliyotengenezwa kwa burudani tangu mwanzo. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 800, na nguvu zake zilikuwa takriban farasi 50.

Tangu hapo ukawa ushindani usiopumua. Mwaka 2016 Can-Am ilitangaza Maverick X3 yenye farasi 154 kwa msaada wa tabo, kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Miaka michache baadaye gari hilo hilo lilikuwa limefika 195, kisha 200. RZR Pro R ilipotoka kwa ajili ya mwaka 2022 ilikuja na injini ya lita mbili, silinda nne, farasi 225. Mwaka uliofuata Can-Am ikajibu kwa Maverick R yenye farasi 240. Kwa hiyo ndani ya miaka 16 nguvu ziliongezeka karibu mara tano, katika vyombo ambavyo vingi vina uzito wa kati ya kilo 650 na tani moja. Dereva wa Jumapili, kwa upande wake, alibaki yule yule.

Namba inayobadilika ukipanda mlima

Nguvu za farasi si namba ya uongo, ila ni namba yenye mahali pake. Kwenye matuta ya mchanga kama ya Glamis, kusini mwa California, nguvu ni jambo la lazima. Mchanga mlaini hula mwendo wa gari kama matope yanavyokula mwendo wa mtu. Dereva anayekwea tuta refu akapungukiwa na nguvu karibu na kilele hujikuta akisimama pabaya, pua juu, gari likianza kuteleza kwa ubavu. Ndiyo maana wanaokwenda huko hufunga tairi za nyuma zenye vijikasia vya mpira na hutaka injini inayoitika mara moja mguu unapogusa mafuta.

Hapo ndipo tofauti ya injini mbili zinazolingana kwenye karatasi hujitokeza. Injini kubwa isiyo na tabo, kama ya Pro R, huitika papo hapo. Injini ndogo yenye tabo, kama ile ya silinda tatu ya Maverick, husubiri kidogo mpaka tabo ijae pumzi, kisha huja kwa kishindo. Watengenezaji wameupunguza sana muda huo, na dereva aliyezoea hujifunza kuutangulia.

Lakini jaribio hilo likihamishiwa kwenye milima ya Colorado, ambako njia nyingi hupita juu ya mita 3,000, hesabu hugeuka. Hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban robo nzima ikilinganishwa na ya usawa wa bahari. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na zile farasi 225 zinabaki kama 170 hivi. Injini yenye tabo nayo huumia, lakini kidogo zaidi, kwa kuwa inasukumiwa hewa. Gari lenye namba ndogo kwenye tangazo linaweza kabisa kumpita jirani yake mwenye namba kubwa. Jangwa la Rub' al Khali, ambamo washindani wa Dakar ya 2024 walizunguka kwa siku mbili katika hatua moja ndefu, haliko kwenye miinuko ya namna hiyo. Kwa hiyo ushindi wa Saudi Arabia hausemi chochote kuhusu Colorado.

Mkanda mmoja wa mpira

Nguvu zote hizo, katika magari mengi ya aina hii, hupita kwenye mkanda mmoja wa mpira. Mkanda huo huzunguka puli mbili ambazo nusu zake husogeleana na kuachana kadiri injini inavyoongeza mizunguko. Puli ya mbele inapobana, mkanda hupanda juu, ya nyuma hufunguka, na gari huongeza mwendo bila dereva kugusa gia. Ni ubunifu mwepesi, wa bei nafuu na rahisi kwa anayejifunza. Pikipiki nyingi za skuta hutumia utaratibu huo huo.

Adui wa mkanda ni joto, na chanzo kikubwa cha joto ni kuteleza. Dereva anayetambaa juu ya mawe akiwa kwenye gia ya juu, badala ya ile ya chini iliyowekwa kwa kazi hiyo, hulazimisha mkanda uteleze juu ya puli kwa dakika nzima nzima. Hatajua kosa lake mpaka asikie harufu ya mpira ulioungua au mlio wa mkanda uliokatika. Mkanda mpya huweza kugharimu zaidi ya dola 100. Gharama nyingine, ambayo haiandikwi, ni kukwama kilomita 40 kutoka barabarani, jua likizama.

Kwa sababu hiyo, mpimaji makini hafungui boneti kutazama injini tu. Hutafuta kifuniko cha mkanda. Hutazama hewa ya kuupoza inaingilia wapi, na kama mdomo wa bomba hilo umewekwa mahali panapokula vumbi la tairi. Huuliza kama kuna kipimo cha joto la mkanda mbele ya dereva. Kisha hufanya jambo ambalo wauzaji hawalipendi: huomba kubadilisha mkanda kwa vifaa vilivyomo ndani ya gari, injini ikiwa bado ya moto, na kutazama saa. Gari ambalo kazi hiyo huchukua dakika 20 na lile ambalo huchukua saa moja na nusu ni magari mawili tofauti kabisa, hata kama nguvu zao zinalingana.

Wapo waliokimbia mkanda. Yamaha YXZ1000R, iliyotoka kwa ajili ya mwaka 2016, ilikuja na gia tano na klachi ya mguu, kama gari la mashindano. Waliopenda kuendesha waliifurahia sana, ingawa kutambaa juu ya mawe huku mguu ukichezea klachi ilikuwa kazi ya kuchosha. Honda Talon 1000 ya mwaka 2019 ilitumia gia sita zinazojibadilisha kwa klachi mbili, na Maverick R ikachukua njia hiyo hiyo kwa gia saba. Gia za vyuma hazinuki wala hazikatiki kirahisi. Zikiharibika, hata hivyo, hazitengenezwi na mtu aliyepiga magoti mchangani.

Shokapu zinazoficha habari

RZR ya mwaka 2007 ilikuwa na springi zilizoruhusu gurudumu kupanda na kushuka kwa takriban inchi tisa. Pro R hufikia inchi 29, yaani karibu sentimita 74. Maana yake ni kwamba gurudumu linaweza kumeza shimo la kimo cha paja la mtu mzima wakati mwili wa gari unaendelea na safari yake. Namba hiyo imebadilika kwa kishindo, na pengine ndiyo iliyobadilisha mambo zaidi ya ile ya farasi.

Urefu wa mwendo wa gurudumu peke yake, hata hivyo, hautoshi. Kinachofanya kazi ni mafuta yaliyomo ndani ya shokapu, yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo ili kuua nguvu ya springi. Kila pigo hugeuka kuwa joto. Baada ya matuta mia kadhaa mfululizo, mafuta huchemka na kuwa mepesi, na shokapu iliyokuwa imara asubuhi huanza kulegea. Anayejaribu gari kwa dakika tano kwenye uwanja wa muuzaji hawezi kuliona jambo hilo. Njia ya uhakika ni kuchagua kipande kimoja cha matuta, kama mita 500 hivi, na kukipita mara kumi kwa mwendo ule ule. Mpimaji hulinganisha mara ya kwanza na ya kumi: je, gari bado linafuata usukani, au mkia umeanza kurukaruka? Chini limegonga mara ngapi? Mikono ya vyuma inayoshika magurudumu ya nyuma imepinda, au bolti zimelegea?

Magari ya bei ya juu sasa yana shokapu zinazoongozwa kwa kompyuta. Vihisio husoma kasi, pembe ya usukani na namna mwili wa gari unavyoinama, kisha vali hukazwa au hulegezwa mara nyingi ndani ya sekunde moja. Gari likiruka, mfumo hutambua kwamba magurudumu yako hewani na kukaza shokapu kabla ya kutua. Dereva likimkata kona, upande wa nje hukazwa ili lisilale. Ni kazi ya uhandisi inayostahili sifa, na aliyewahi kushuka kutoka gari la zamani na kupanda la sasa hahitaji kushawishiwa.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wapimaji wengi hulipita haraka. Zamani gari la nyikani lilimwadhibu dereva mapema. Akizidisha mwendo, usukani ulimpiga mikono, kiti kilimpiga mgongo, na kichwa kilianza kumuuma kabla ya gari kufika kwenye ukomo wake. Mtikisiko ule ulikuwa habari. Shokapu za sasa zimeiondoa habari hiyo. Kwa kilomita 100 kwa saa juu ya matuta yaliyokuwa yakimshinda mtu kwa 50, dereva huketi ametulia, akizungumza na mwenzake. Hajui kwamba sehemu iliyobaki kati yake na ukomo wa gari ni nyembamba mno, wala kwamba shimo moja ambalo halikuonekana kwa sababu ya jua la utosini linaweza kuimaliza.

Ukomo wa gari umepanda sana. Uwezo wa jicho la mtu kuona shimo, na wa mguu kufika kwenye breki, haujapanda hata kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari hukata karibu mita 28 kila sekunde, na kilele cha tuta la mchanga mara nyingi huficha mteremko wa ghafla upande wa pili, ama gari jingine linalopanda kutoka huko. Ndiyo sababu ya vibendera virefu vinavyofungwa nyuma ya magari ya Glamis, ambavyo kanuni za hapo hutaka vifike futi nane kutoka ardhini. Kitambaa hicho cha bei ndogo hufanya kazi ambayo kompyuta ya shokapu haiwezi.

Somo la Rhino

Kuhusu kupinduka, historia iko wazi. Machi 31, mwaka 2009, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitangaza kwamba Yamaha imekubali kusimamisha mauzo ya Rhino na kuyatengeneza bure yale yaliyokwisha kuuzwa. Tume ilikuwa imechunguza zaidi ya matukio 50, na humo walikuwamo watu 46 waliokufa. Zaidi ya theluthi mbili ya matukio hayo yalihusu gari kupinduka. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba mengi ya magari hayo yalionekana kupinduka wakati wa kukata kona, kwa mwendo mdogo, kwenye ardhi tambarare. Hapakuwa na mlima wala genge wala mruko.

Sababu yake inaeleweka kwa hesabu ya shule. Imara ya gari dhidi ya kupinduka hutegemea vitu viwili: umbali kati ya tairi za kushoto na za kulia, na kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Nusu ya ule upana ikigawanywa kwa kile kimo hutoa namba moja. Kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo gari linavyokuwa gumu kupinduka. Rhino lilikuwa jembamba na refu, nalo liliketisha watu wawili juu. Dawa iliyotolewa ilikuwa nyepesi ajabu: vipande vya chuma vya milimita 50 viliongezwa kwenye magurudumu ya nyuma ili kuyatanua, na chuma cha nyuma kinachozuia mwili wa gari kulala kikaondolewa ili gari ligeuke kwa namna ambayo dereva anaweza kuitabiri.

Kabla ya hapo, mwaka 2007, Yamaha ilikuwa imeanza kutoa milango midogo na vishikio vya ziada bila malipo. Gari linapoanza kulala, mtu hunyoosha mkono au mguu nje ili kulizuia, kama anavyofanya mwendesha baiskeli. Mwili hufanya hivyo kabla akili haijaamua. Kizimba cha mabomba ya chuma kilichowekwa kumlinda ndicho kinachouangukia mkono huo.

Mwaka 2014 Tume hiyo ilipendekeza kanuni za lazima kwa magari yote ya aina hii. Katika maelezo yake ilieleza matukio 550 yaliyoripotiwa kati ya mwaka 2003 na Aprili 2013, yaliyoua watu 335 na kujeruhi 506. Kati ya matukio 428 yaliyochambuliwa kwa kina, 291 yalihusu kupinduka, na zaidi ya nusu ya hayo yalitokea gari likiwa kwenye kona. Baadaye, mwaka 2016, viwango vya hiari vya watengenezaji vilirekebishwa.

Magari ya mchezo ya leo yamejifunza somo hilo kwa kutanuka. Pro R ina upana wa inchi 74, sawa na sentimita 188. Maverick R hufika inchi 77. Yanapokuwa wazi jangwani, upana huo ni neema. Lakini njia nyingi katika misitu ya taifa ya Marekani zimewekewa ukomo wa inchi 50, na RZR ya kwanza ilitengenezwa kwa upana huo huo ili iweze kupita. Anayekaa karibu na msitu na kununua gari la jangwani kwa sababu ya Dakar atakuwa na chombo cha bei kubwa kinachogeuzwa kwenye mlango wa njia. Na akinunua jembamba, yampasa akumbuke kwamba hesabu ya upana na kimo bado inafanya kazi, na kwamba kila tairi kubwa na kila inchi ya kuinua gari anayoongeza gereji huisogeza namba ile upande mbaya.

Moto nyuma ya kiti

Jambo jingine la kutazamwa ni joto. Injini ya magari haya hukaa nyuma ya viti, ndani ya mwili wa plastiki, karibu na tangi la mafuta. Aprili 2016, Polaris ilirudisha kwa matengenezo magari takriban 133,000 ya RZR 900 na 1000 ya miaka ya 2013 hadi 2016, baada ya ripoti za zaidi ya moto 160. Watu 19 walikuwa wamejeruhiwa, na abiria mwenye umri wa miaka 15 alikufa katika moto uliofuata gari kupinduka. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 27.25 ili kumaliza madai ya Tume kwamba haikuripoti kasoro kwa wakati uliotakiwa.

Haimaanishi kwamba kila RZR ni hatari ya moto, wala kwamba washindani wake hawajawahi kurudisha magari. Maana yake kwa mnunuzi ni ndogo na ya vitendo. Anayenunua lililotumika aandike namba ya chesisi na kuulizia kama matengenezo ya kurudishwa yalifanyika. Aondoe paneli za plastiki zinazotoka na kutazama bomba la moshi: ngao ya joto ipo au imetolewa ili mlio uwe mkubwa zaidi? Mabomba ya mafuta yamegusa wapi? Majani makavu yamerundikana juu ya injini? Na kizimamoto kifungwe mahali ambapo mtu aliyefungwa mkanda anaweza kukifikia, si nyuma ya kiti.

Kuhusu mkanda wa usalama, magari mengi ya sasa hukataa kwenda kwa kasi kama dereva hajaufunga. Katika baadhi yao mwendo huishia maili 15, yaani kilomita 24 kwa saa. Wapo wanaokwepa utaratibu huo kwa kuuchomeka mkanda mgongoni, na mitaani vinauzwa vifungo vya kudanganya mfumo. Mpimaji anayekuta kifungo cha aina hiyo kwenye gari lililotumika ana haki ya kuwa na shaka juu ya kila kitu kingine ambacho mwenye gari alikigusa.

Si kila anayekaa kwenye magari haya amelinunua. Katika matuta ya Bidayer, Sharjah, na katika mchanga wa Sharqiyah nchini Oman, nchi ambazo wazungumzaji wa Kiswahili si wachache, bagi hukodishwa kwa watalii na kwa familia zilizotoka kupunga upepo mwisho wa wiki. Mwenye kukodi hana nafasi ya kupima shokapu mara kumi. Anaweza kutazama mambo machache: mikanda ya viti vyote inafunga na haijachakaa, milango au nyavu za pembeni zipo, kofia ngumu zinatosha kichwani, na kuna mtu wa kumtangulia anayejua matuta yamehama vipi tangu upepo wa jana. Akikosa kimojawapo, bei nafuu isimshawishi.

Watengenezaji wenyewe huandika kwamba dereva asiwe chini ya miaka 16, na kwamba abiria awe na kimo cha kuweza kuegemea kiti huku nyayo zake zimekaa sakafuni. Sharti hilo la pili halipimwi kwa miaka. Mtoto asiyefika sakafuni hana pa kujikaza gari linapolala, na mkanda uliotengenezwa kwa mtu mzima humpita begani.

Ndiyo maana wapimaji walio makini zaidi hawamalizi kazi wakiwa kwenye usukani. Mwisho wa siku humpa mwingine gari, nao huketi upande wa abiria kwa zamu nzima, wakipita kwenye matuta yale yale waliyoyapita asubuhi. Abiria hana usukani wa kushika, hajui kona inakatwa lini, na haoni mguu wa dereva ukikaza mafuta. Kutoka kwenye kiti hicho hutazama kishikio kiko wapi, mlango unafika kimo gani, goti linagonga nini, na kichwa kiko umbali gani kutoka kwenye bomba la kizimba.